Shajara ya kitambaa cha ibada na punda wa miguu mitano

Jumamosi 7 Juni 2025, Kimara

Shule zimefunga jana, na leo hata saa tatu asubuhi haijafika ukuta wa koridoni una lori, una bajaji, na una kitu ambacho Gidi anasema ni bibi. Nyumba yenyewe ya kupanga, mwenye nyumba hapendi hata msumari sembuse bibi wa mkaa. Nimesugua na sabuni ya unga, lori limetoka, bajaji imetoka nusu, bibi hajatoka.

Ndo wazo likaja hapo hapo nimeshika brashi. Sisi kila jioni tukishakula tuna ibada, wimbo mmoja, baba Elia anasoma, tunaomba, tunalala, ila ukweli ni kwamba ikifika kusoma watoto hawapo, Gidi yuko chini ya meza, Upendo anamsuka mdoli, Elia macho yako mlangoni kama anasubiri basi. Nkasema likizo hii hadithi ikishasomwa wachore walichosikia, na wasichore ukutani, wachore kwenye kitambaa kimoja kirefu, na shule zikikaribia kufunguliwa tunakitundika sebuleni pale penye kalenda ya zamani. Mimi ni fundi cherehani, nyumba hii inaweza kukosa sukari lakini kitambaa haikosi.

Baba Elia kasema sawa ila ibada isigeuke gereji. Tutaona.

Jumapili 8 Juni

Nilianza vibaya, naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Jana jioni nilidaunilodi picha za kupaka rangi, Nuhu na safina, nikaenda kuziprinti steshenari, kopi tatu. Watoto wakapaka, kimya kabisa, dakika 20, nikajiona mama bora Kimara nzima. Leo nimeziangalia tena. Nuhu watatu wanaofanana kama soksi. Nikamuuliza Elia kwenye safina kulikuwa na nini, akasema "si kilichochorwa hapo." Hadithi haijaingia hata kidogo, imeingia krayoni tu.

Jumatatu 9 Juni

Kariakoo. Amerikani mita 4, krayoni paketi tatu, rangi za maji boksi moja, wanga wa kunyooshea nguo. Mita moja na nusu ya kwanza nimeitenga ya kujaribia, maana kitambaa siyo karatasi. Rangi ya maji ukiiweka kwenye amerikani mbichi inatembea, ukichora jicho unapata ziwa. Nimepika uji mwepesi wa wanga, nikapaka kitambaa, kikakauka na huu upepo wa kusi ndani ya saa moja, nikapiga pasi. Sasa rangi inakaa pale ilipowekwa, siyo asilimia mia ila jicho linabaki jicho.

Krayoni ndo zimenishangaza zaidi. Ni nta, kwahiyo ukichora kwenye kitambaa alafu ukafunika na karatasi ukaweka pasi ya moto, nta inayeyuka, ile ya ziada inanywewa na karatasi na rangi inabaki kwenye nyuzi. Pasi unaikandamiza tu, unainua, unaweka pengine. Ukiiburuza kama unanyoosha shati umeharibu.

Jumatano 11 Juni

Nuhu amekamilika. Safina yake ni pantoni ya Kigamboni, haina ubishi, ina ngazi ya kushukia magari, ina bajaji mbili na watu wamesimama. Elia kasema Nuhu naye lazima alikuwa na bajaji, angebebaje nyasi za ng'ombe wote wale. Twiga kichwa kimetoka juu kwa sababu "pantoni haina siling". Upendo yeye kachora tumbo la safina unaliona lote kwa ndani, kila mnyama na chumba chake, kama nyumba yetu ya kupanga, na mlango mmoja una kufuli, huo wa simba.

Mkosi: karatasi nyeupe ziliisha nikafunika na gazeti. Nimeinua pasi, juu ya safina mawinguni kuna neno PENALTI limegeuka kinyumenyume. Halitoki. Elia kafurahi kuliko siku ya kuzaliwa. Msitumie gazeti.

Ijumaa 13 Juni

Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa chekechea, kaja kupima gauni akakuta Gidi kalala kifudifudi anachora. Nikamwambia huyu bado hajui, anachora kichwa alafu miguu inatokea kwenye kichwa, tumbo hana. Akacheka, akasema hivyo ndivyo watoto wa miaka mitatu minne wanavyoanza duniani kote, wanakwaruza kwanza, siku moja mkwaruzo unafunga unakuwa duara, duara linakuwa mtu, linaota miguu. Mwili utakuja wenyewe. Alafu akaniambia kitu ambacho nimekibandika kichwani: usimuulize "hii ni nini," mwambie "hebu nisimulie." Kwa sababu ukimuuliza ni nini maana yake umeshamwambia haionekani.

Upendo mwaka jana mwalimu wake mmoja alimwandikia X kwenye mti kwa sababu aliupaka zambarau. Mti ulikuwa mjakaranda! Miezi miwili hakuchora mti tena. Nililalamika sana ile siku, sasa najiuliza mimi mwenyewe nimeweka X ngapi kwa mdomo.

Krayoni ya kahawia imekuwa ya kwanza kuisha kwenye paketi zote tatu. Ya pinki haijaguswa.

Jumamosi 14 Juni

Bibi kafika kutoka Moshi, mkwe wangu, na ndizi na maharage na kikohozi. Watoto "shikamoo bibi" kwa pamoja, Gidi akamvuta mkono mpaka koridoni akamwonyesha mchoro wa mkaa. Bibi kaangalia muda. "Marahaba. Mbona sina shingo?"

Jumatatu 16 Juni

Leo pamewaka. Baba Elia kasoma Mwanzo 1, Upendo akachora Mungu. Mungu ana kitenge, amepiga magoti kwenye udongo, mikono michafu mpaka kwenye viwiko, anafinyanga mamba. Mimi nikaona nzuri sana. Bibi akaweka kikombe chini. Akasema Kutoka 20, usijifanyie sanamu ya kuchonga wala mfano wa kitu chochote kilicho juu mbinguni, na hiyo siyo ya kuchezea na krayoni.

Baba Elia akajaribu, akasema mama, katazo lile linaendelea, usivisujudie wala kuvitumikia, na kitabu hicho hicho mbele kidogo Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake afanye kazi za ustadi, dhahabu, fedha, shaba, kukata mawe, kuchora mbao, na akampa na msaidizi Oholiabu. Na makerubi juu ya sanduku la agano nani aliagiza? Bibi hakutingishika. Akasema na nyoka wa shaba je, si Mungu mwenyewe alimwambia Musa amtengeneze, na baadaye wakaanza kumfukizia uvumba mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. "Kilianza vizuri kikaisha vibaya. Mnajua kitambaa chenu kitaishaje?"

Kimya. Mimi niliolewa kwenye hii familia nikidhani najua Biblia.

Upendo alikuwa anasikiliza yote, krayoni mkononi. Nikaona kabisa mkono unarudi nyuma kama ule mwaka wa mti wa zambarau. Nikamwambia hujakosea, ila bibi ana neno, tutaliweka. Tumekubaliana Mungu hatachorwa uso. Upendo kafikiri, akaomba maji, akafuta kwa kidole palipokuwa na rangi ya maji, sasa imebaki mikono miwili michafu na mamba, na juu ya mikono ni kitambaa kitupu. Bibi kasema hapo sawa. Mimi kwa siri naona imekuwa kali kuliko mwanzo.

Alhamisi 19 Juni

Jumuiya ilikuwa kwetu leo, watu 11, mchungaji naye kaja. Kitambaa nilikikunja nyuma ya kochi lakini Gidi hana siri. Wakakiangalia chote na PENALTI yake. Mama mmoja akauliza kama hii ni mambo ya Kikatoliki, bibi akakaa sawa kusikiliza jibu.

Mchungaji akasema swali hilo Martin Luther, yule aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, alilikuta mlangoni. 1522 akiwa amefichwa kwenye ngome ya Wartburg, huku mjini kwake Wittenberg watu wameanza kutoa picha makanisani na kuzivunja, akarudi na kuhubiri siku mfululizo, kwamba picha siyo ya kuabudu lakini pia siyo ya kuvunjwa kwa ghasia, kwanza itoke moyoni. Na 1529 kitabu chake cha sala kikatoka na picha za maisha na mateso ya Kristo, akasema ni hasa kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida, maana picha na mifano huwafanya wakumbuke. Bibi kasema "hm." Hiyo hm ya bibi wa Kichaga inaweza kumaanisha mambo kumi. Ila wageni walipoondoka kaniomba nimpitishie taa, akakiangalia kitambaa peke yake.

Jumamosi 21 Juni

Safari. Mwendokasi Kimara mpaka kituo cha Morocco, tumesimama njia nzima, alafu bajaji mpaka pale Oysterbay wanapochora Tingatinga. Nilitaka watoto waone watu wazima wanachora na ndo kazi yao, wanalipa ada za watoto wao nayo.

Elia kauliza Tingatinga ni jina la mtindo au la mtu. La mtu, Edward Saidi Tingatinga, kazaliwa 1932 huko upande wa Tunduru, akaja Dar kufanya kazi za mikono, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora bila kusomea popote. Hakuwa na kanvasi, akachukua mbao zile ngumu za siling, futi mbili kwa mbili, na rangi za kopo za kupakia baiskeli. 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Elia akahesabu vidole. "Miaka minne tu?" Ndiyo, minne, na leo tumekaa hapa watu kibao wanakula kupitia jina lake.

Kilichowashika watoto ni mpangilio wa kazi. Wanapaka nyuma kwanza, rangi moja au mbili zinazoingiliana, wanaweka pembeni ikauke kabisa, ndo mnyama anakuja, mkubwa anajaza ubao, alafu madoa moja moja na brashi nyembamba. Upendo alisimama nyuma ya kaka mmoja anayeweka madoa kwenye kanga wake, hakupepesa. Mafuta ya rangi yanaumiza kichwa kwahiyo nyumbani hatutatumia, ila hiyo ya nyuma kwanza tumeiiba.

Sasa neno langu dogo. Ukizunguka pale unaona twiga wale wale na Kilimanjaro ile ile, banda hili na banda lile. Sisemi vibaya, mteja akitaka twiga unampa twiga, mimi pia nimeshona gauni moja mara 40 msimu wa harusi, na ushonaji wenyewe nilijifunza kwa kukopi mikato ya aliyenifundisha. Lakini njiani kurudi nilikuwa nawaza wale Nuhu watatu wa steshenari.

Jumanne 24 Juni

Mikate mitano na samaki wawili. Samaki ni changu na kibua, wanajulikana. Upendo alitaka watu elfu tano kamili, akafika 37 akaanza kulia. Tumewaweka kwa vidole, unachovya kwenye rangi ya maji unagandamiza, baba, mama, bibi, wote. Bibi kidole chake kaweka kimoja tu, pembeni, akasema yeye yuko nyuma hajapata mkate bado.

Alhamisi 26 Juni

Hesabu 22, Balaamu na punda. Wamecheka mpaka kulala, punda kuongea! Upendo kachora punda peke yake hakutaka msaada, kwa krayoni ya kijivu, malaika ana upanga mwekundu. Punda mgongo umepinda kama hanga la koti na miguu ni mitano. Nimehesabu mara mbili.

Sasa kazi yangu usiku wakishalala ni kupita na cherehani juu ya mistari yao, nyuzi za rangi, ili hata kikifuliwa mchoro ubaki. Nimeshapitia Nuhu, mamba, samaki. Leo nikafika kwa punda. Mkono wangu miaka 14 ukiona mshono umepinda unafumua, hauniulizi. Nikanyoosha mgongo kidogo. Mguu wa tano nikauwekea karatasi na pasi ya moto, nta ikatoka karibu yote, kikabaki kivuli ambacho hata huwezi kukijua. Punda akawa punda kweli. Nimelala saa sita nikiwa nimeridhika kabisa, naandika hivi hivi.

Ijumaa 27 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Mama, nani amemkata punda mguu?"

Nikasema mwanangu punda ana miguu minne. Akaniangalia kama mimi ndo Gidi. Akasema anajua. Mguu ule wa mbele ulikuwa miwili kwa sababu mmoja ni wa pale anatembea na mwingine ni pale kamwona malaika kasimama, "anaurudisha." Na mgongo umepinda kwa sababu Balaamu anampiga na fimbo, sasa wewe umeunyoosha, kwani hapigwi tena?

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesikiliza ibada kuliko mimi. Mimi niliyesikia hadithi ile toka Sunday school sijawahi hata siku moja kuwaza mgongo wa yule punda.

Bibi yuko jikoni anamenya ndizi, hakugeuka. "Punda alimuuliza yule nabii amemkosea nini mpaka ampige. Wewe naye kakukosea nini?"

Upendo leo hajachora. Kasema amechoka.

Jumapili 29 Juni

Baada ya kanisa baba Elia kamwonyesha bibi kwenye simu picha za kanisa kuu la Kianglikana pale Murang'a, Kenya, ambalo Elimo Njau alichora kuta zake 1959, picha tano kubwa za maisha ya Yesu, na Yesu wa pale ni Mwafrika, watu waliomzunguka ni Waafrika, vilima na nyumba ni vya Murang'a. Bibi kusikia Njau akaamka kwenye kochi. "Huyo si wa kwetu, wa Marangu!" Ndiyo, kazaliwa Marangu 1932. Hapo picha zikawa hazina tatizo tena, Kutoka 20 ikapumzika kidogo, simu haikurudi kwa mwenyewe mpaka chaji ikaisha.

Elia kaangalia picha ya Yesu tuliyonayo ukutani, ile yenye nywele za dhahabu, iliyokuja na nyumba ya wazazi. Akauliza huyo aliyechora hiyo alimwona? Hapana. Na Njau alimwona? Hapana. "Basi wote wamechora wanapokaa." Nimemwachia hivyo hivyo.

Njau alikuwa na msemo wake, kwamba kukopi kunamlaza Mungu usingizi. Baba Elia kautamka kama utani, mimi nimeamka nao saa tisa usiku. Maana mimi sikukopi hata, mimi nilichukua cha mtoto nikakifanya kifanane na punda wa kila mtu.

Nimemwomba Upendo msamaha leo, vizuri, nimekaa chini. Nimemwambia nitafumua mgongo na nitarudisha mguu. Akasema usirudishe wewe.

Jumatano 2 Julai

Siku tatu hakugusa krayoni. Sikumlazimisha, ibada tumesoma, Elia na Gidi wamechora dhoruba ziwani, Gidi kafanya dhoruba yote peke yake na bluu na mwili mzima, hamna aliyeweza kuifanya vizuri zaidi. Mimi nimefumua mgongo wa punda. Amerikani ukifumua inaacha matundu ya sindano, mstari mzima wa vitobo, hata ukilowesha ukapiga pasi vinaonekana ukikaribia.

Leo jioni nimerudi toka kwa mteja nimekuta Upendo kachukua chaki yangu ya fundi, ile ya bluu ninayogombea isiguswe, kachora mguu wa tano upya, mrefu kuliko wa kwanza, umetoka nje ya mpaka na kuingia kwenye dhoruba ya Gidi. Gidi kakubali kwa biskuti. Nimepita na cherehani taratibu kwa mguu wa kukanyaga bila mota, yeye kasimama begani kwangu, kila nikitaka kukata kona anasema "hapo pana goti." Uzi wa kijivu ukaishia katikati, akachagua wa zambarau.

Jumamosi 5 Julai

Kimetundikwa. Nimekunja ncha ya juu nikapitisha fimbo ya pazia, kamba mbili, msumari hakuna. Mita mbili na nusu, hadithi tisa, PENALTI moja. Mistari iliyobaki sikuipitia na cherehani, wenyewe wamesema wanataka wajifunze mkono, kwahiyo Elia anashona Zakayo kwenye mwembe na tayari kajichoma mara mbili.

Mwenye nyumba mwezi huu kachelewa, kapita leo. Kasimama mbele ya kitambaa muda, akauliza kwanini punda hivi, Upendo akamsimulia toka mwanzo mpaka malaika, dakika kumi, mzee wa watu na daftari lake la kodi mkononi. Alafu akaenda koridoni kuangalia bomba, nikasikia amenyamaza. Akauliza hii nini ukutani.

Bibi akatoka chumbani kajifunga khanga. "Ni mimi."

Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi kupaka rangi. Kopo la lita nne nyeupe, nimeshaulizia, na bibi anasema apakwe wa mwisho.